Rivyu ya eksirei ya tumbo: kwa utumbo ulioziba hela yake inalipa, ila usiitume kazi isiyo yake

Watu wanafanya rivyu za simu, za friji, za mabasi ya mikoani, mi leo nafanya rivyu ya kitu ninachokitumia karibia kila wiki hapa wilayani na sijawahi kuona mtu anakijadili kama huduma inayolipiwa: eksirei ya tumbo. Ile ya kawaida kabisa, bila dawa ya kunywa wala ya kuchomwa, unayoandikiwa ukifika tumbo limejaa, unatapika, choo hakitoki na hata ushuzi hautoki. Ndugu wanalipia, sisi tunaandika fomu, mtu wa eksirei anapiga, afu ukimuuliza kila mmoja hapo amenunua nini wengi watakwambia "picha". Picha ya nini, ijibu swali gani, hapo kimya.

Kwa wenye haraka: naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Swali likiwa "huu utumbo mpana umejisokota?" ningeipa hata nne na nusu. Swali likiwa "huu utumbo uliobanwa bado uko hai au umeanza kuoza?" ningeipa nusu nyota, na hiyo nusu ni ya kuitia moyo tu.

Tuanze na bei na upatikanaji maana hapo ndo inawapiga wenzake wote. Mashine ipo hospitali nyingi za wilaya, usiku ipo (kama umeme upo na mtu wa zamu hajazima simu), na picha inatoka ndani ya dakika chache. CT, ile mashine kubwa inayopiga mwili vipande vipande kwa mionzi, siku hizi zimeshushwa mpaka hospitali za rufaa za mikoa, tunashukuru sana, ila toka hapa mpaka mkoani kuna ambulensi, mafuta, barabara, na mgonjwa ambaye presha inashuka njiani. Eksirei unalipa kwa elfu, CT unalipa kwa laki. Mionzi nayo, picha moja ya tumbo ni kama milisiveti 0.7 (hicho ndo kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), CT ya tumbo ni 8 mpaka 10 hivi. Lakini jamani msiichukulie hiyo 0.7 kama maji ya kunywa, picha ya kifua ni 0.02 tu, yaani ukipiga tumbo mara moja ni kama umepiga kifua mara 35. Kwahiyo ile tabia ya kila anayesema "tumbo linauma" anaandikiwa picha ya tumbo, hadi wa vidonda vya tumbo, hadi wa UTI, ni kuchoma hela ya watu na kuwachoma wenyewe. Na mama wa umri wa kuzaa pimeni mkojo wa mimba kwanza ndo mumpeleke chumba cha mionzi.

Sasa unachopata ukishalipa, na hapa ndo watu wanapunjwa bila kujua. Ukiandika kwenye fomu "picha ya tumbo, maumivu, chanzo?" utaletewa picha moja, mgonjwa kalala chali, basi. Sio kosa la mtu wa eksirei, amepewa oda hiyo. Mi naandika hivi: tumbo akiwa amelala chali, kuanzia kwenye kiwambo (ule msuli unaotenga kifua na tumbo) mpaka kinena kionekane chote, tumbo akiwa amesimama, na kifua akiwa amesimama au amekaa wima. Na naandika ninachoshuku: "utumbo mwembamba umeziba? ameshafanyiwa operesheni ya tumbo zamani" au "utumbo mpana umejisokota?". Hapo mpigaji naye anajua anatafuta nini, anaacha kukata picha ovyo.

Kila moja kati ya hizo tatu ina kazi yake. Ya kulala chali ndo mama yao, gesi inatandaa mbele na unaona lupu za utumbo, yaani vile vipande vilivyojizungusha, zimepanuka kiasi gani na zimekaa upande gani. Ya kusimama inakuonyesha leveli, yaani maji yamekaa chini na hewa juu yake kwa mstari ulionyooka kabisa. Ya kifua hiyo ni ya kutafuta hewa iliyotoroka kwenye utumbo uliotoboka, inakaa chini ya kiwambo, kamstari keusi kembamba juu ya ini, na picha ikipigwa vizuri hata mililita moja ya hewa inaweza kuonekana. Sharti ni kwamba mgonjwa akae wima kama dakika 10 hivi kabla ya kupigwa ili hewa ipande. Hii dakika 10 karibia hakuna anayeitoa. Mgonjwa anatolewa kwenye machela, anasimamishwa, paa, anarudishwa, halafu tunasema "hamna hewa". Kama hawezi kukaa kabisa mlaze ubavu wa kushoto, hewa itapanda upande wa ini, miali ipite kwa mlalo. Imetosha.

Kero yangu namba moja kwenye huduma hii, na nimekutana nayo sehemu zaidi ya moja kwahiyo sitaji mtu, ni picha inayokatwa chini. Unaletewa picha safi, kiwambo kinaonekana, mbavu zinaonekana, halafu imeishia kwenye nyonga. Kinena hakipo! Na huku kwetu henia iliyokwama bado ni moja ya sababu kubwa za utumbo kuziba, ukitoa makovu ya ndani ya tumbo yanayobaki baada ya operesheni za zamani. Kuna mgonjwa mmoja picha yake ilizunguka kwa madaktari watatu wanabishana ni mwembamba au mpana, mpaka nesi wa wodini akamfunua shuka, uvimbe uko kwenye kinena mgumu kama jiwe. Kumfunua shuka ni bure jamani, hakuna foleni wala risiti. Wamama wazee ndo wabaya zaidi, ile henia ya juu ya paja inaweza kuwa ndogo kama kidole gumba, na hasemi kwasababu anaona aibu.

Haya, usomaji. Picha imeletwa, imewekwa kwenye boksi la taa au kwenye kompyuta. Swali la kwanza sio "ni ugonjwa gani", la kwanza ni je kuna sehemu imepanuka. Kuna namba tatu ambazo kila intan (daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi) anazikariri: 3, 6, 9. Utumbo mwembamba ukizidi sentimita 3 umepanuka, mpana ukizidi 6, na sikamu, ule mwanzo wa utumbo mpana pale chini kulia, ukizidi 9. Ni namba nzuri, rahisi, ila zipime kwenye filamu yenyewe kwa rula au kwenye kompyuta yenye kipimo, usipime kwenye skrini ya simu uliyotumiwa na mtu kwa WhatsApp akai-zumu, utapata utumbo wa tembo.

Swali la pili, kilichopanuka ni chembamba au kipana. Hapa eksirei inafanya vizuri sana kwa bei yake. Mwembamba unakaa katikati ya tumbo, lupu nyingi, na mikunjo yake inakata upana wote wa utumbo toka ukuta huu mpaka ule, imekaribiana. Mpana unakaa pembeni umezunguka tumbo, na vibonyeo vyake vinaingia kidogo tu, haviendi mpaka upande wa pili, viko mbalimbali, na mara nyingi ndani unaona kinyesi chenye madoadoa ya hewa. Mtego upo hapa: sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba mikunjo yake ni michache, ikipanuka inaonekana laini laini na inakaa chini kwenye nyonga, mtu anaiita sigmoidi, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ukikwama fuata ile lupu kwa macho uone inaenda kuungana na nani.

Halafu angalia gesi chini kwenye rektamu, pale karibu na njia ya haja kubwa. Wengi wanafundishwa "kuna gesi kwenye rektamu basi hajaziba". Polepole. Akiwa ameziba tangu asubuhi tu, gesi iliyokuwa chini ya kizuizi bado haijatoka yote. Na kubwa zaidi, kama umempima kwa kidole au sista ameshampiga enima (maji ya kupitisha kwa nyuma) kabla ya picha, hiyo hewa mmeiweka nyie wenyewe! Kwahiyo mpangilio wa kazi uwe picha kwanza halafu kidole, au kama kidole kimetangulia basi kiandikwe kwenye fomu.

Leveli ndo kitu kinachopendwa na kila mtu maana kinaonekana kirahisi, hata ndugu wa mgonjwa anaona. Lakini leveli peke yake zinadanganya. Mtu mwenye kuharisha kukali anazo. Aliyefanyiwa operesheni juzi na utumbo umelala tu anazo. Aliyeishiwa potasiamu anazo. Zinazonishtua mimi ni zile nyingi, ndefu kuzidi sentimita 2.5, na hasa pale lupu moja ina leveli mbili za vimo tofauti, huku iko juu kule iko chini, hapo utumbo unapigana na kitu. Ikiambatana na lupu zilizopanuka juu na chini hamna hewa, sibishani tena. Tofauti na utumbo uliolala, huo unapanuka wote kwa pamoja, mwembamba na mpana, hakuna mahali ambapo hewa inakatika ghafla.

Kingine ambacho watu wanakipita bila kukiona ni kile kinachoitwa shanga. Kwenye picha ya kusimama unaona vitone vidogo vya hewa vimejipanga mstari mmoja, kama mkufu. Maana yake utumbo umejaa maji mpaka pomoni, kahewa kaliobaki kamenaswa kwenye mikunjo ya juu. Ukikaona hako kamstari, mgonjwa kaziba kweli kweli hata kama picha nzima inaonekana haina gesi nyingi. Na hii inanipeleka kwenye kasoro kubwa ya bidhaa hii: utumbo ukijaa maji bila hewa, picha inatoka kijivu tu, "tumbo halina gesi", mtu anaandika kawaida. Mgonjwa anatapika nyongo pembeni, tumbo lina maumivu yanayokuja na kuondoka, picha inasema kawaida. Tafiti zinatofautiana, ila kwa utumbo mwembamba zinazotajwa sana zinasema eksirei inawakamata kati ya asilimia 50 na 80 ya walioziba. Soma tena hiyo namba, kwa upande mbaya ni kurusha shilingi. Kwa kuthibitisha unachokishuku, nzuri. Kwa kumruhusu mtu arudi nyumbani, hapana kabisa.

Sasa tuje kwenye staa wa shoo, utumbo mpana kujisokota, yaani volvulasi ya sigmoidi. Huu ugonjwa Ulaya wanauona kwa wazee wa kwenye nyumba za kulelea, huku Afrika Mashariki tunauona mpaka kwa wanaume wenye nguvu zao wanaolima. Tumbo linajaa haraka, linakuwa kubwa kama ngoma, hatapiki sana mwanzoni, choo na hewa vimekata. Picha yake ukiiona mara moja hutaisahau: lupu moja kubwa mno imetoka kwenye nyonga imepanda juu, mara nyingi kuelekea kulia juu, inaweza kufika mpaka kwenye kiwambo, imepoteza vile vibonyeo vyake imekuwa laini, na katikati kuna mstari mweupe mnene ambao ni kuta mbili za utumbo zimekandamizana. Vitabu vinaiita punje ya kahawa, na nyie wa Mbinga na Kagera hamhitaji kuelezwa, ni mbuni yenyewe na mfereji wake katikati. Ukifuatilia zaidi utaona mistari mitatu ya kuta inashuka kukutana sehemu moja chini kushoto, hapo ndo penye msokoto. Picha kama hiyo haihitaji CT. Haihitaji kikao. Kama tumbo halijawa gumu la peritonaitisi (uambukizi umesambaa tumboni) na hana homa wala mapigo ya kukimbia, anapitishwa sigmoidoskopu (bomba la kuangalia ndani ya utumbo) na mpira kwa nyuma hewa itoke (jiandae na simama pembeni, nimemaliza), halafu anapangiwa operesheni akiwa bado amelazwa maana usipokata hiyo sehemu inajisokota tena. Kama tumbo limeshakuwa gumu, dripu, antibayotiki, mpira wa puani, thieta. Kwa hili tu eksirei imeshalipa gharama ya mashine.

Lakini kuna ndugu yake mmoja mkatili, na huku kwetu yupo: sigmoidi na utumbo mwembamba zinafungana fundo. Mgonjwa anaumwa haraka kuliko inavyotegemewa, presha iko chini ndani ya masaa, na picha inakuchanganya kwasababu unaona lupu kubwa ya mpana imeenda kulia na lupu za mwembamba zenye leveli ziko kushoto, kama magonjwa mawili kwa mpigo. Ukiona mchanganyiko huo na mgonjwa ana hali mbaya usianze kuchezea mpira kwa nyuma, hautafunguka, na mara nyingi utumbo ndani umeshaoza. Huyu ni thieta moja kwa moja.

Sikamu nayo inaweza kujisokota, yenyewe inaondoka kulia chini inapanda kushoto juu, na tofauti na sigmoidi vibonyeo vyake mara nyingi unaviona bado. Nadra zaidi, twende.

Kwa utumbo mpana ulioziba kwa uvimbe, namba ninayoiangalia ni ya sikamu. Ikifika 9 naanza kukaa vibaya, ikifika 12 napiga simu sasa hivi sio baada ya chai, maana sikamu ndo sehemu inayopasuka kwanza hata kama kizuizi kiko mbali kule kushoto. Na hapa kuna picha inayodanganya hata wakongwe: mzee amevunjika nyonga yuko kitandani, au mama katoka kwenye operesheni ya uzazi, tumbo linajaa, utumbo mpana wote umepanuka, picha ni ya kuziba mia kwa mia, ila hamna kilichoziba. Daktari wa upasuaji Mwingereza, Ogilvie, alieleza hali hii mwaka 1948. Eksirei ya kawaida haiwezi kukutenganishia hao wawili kwa uhakika, ukimpeleka thieta kwa picha hiyo tu unaweza kufungua tumbo usikute kitu. Hapo CT au picha ya dawa iliyopitishwa kwa nyuma ndo inaamua.

Watoto, kwa kifupi. Mtoto mchanga anatapika nyongo, usisumbuke kutofautisha mwembamba na mpana kwenye picha, kwa umri huo hazitofautiki. Kinachoonekana vizuri ni mapovu mawili juu na chini kukiwa tupu, hapo duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, imeziba toka kuzaliwa, mtafute daktari wa upasuaji wa watoto. Mtoto wa miezi kadhaa analia kwa vipindi, anakunja miguu, choo kama jeli nyekundu, huyo utumbo umeingia ndani ya mwenzake na kipimo chake ni ultrasaundi, picha ya eksirei inaweza kutoka ya kawaida kabisa ikawapumbaza. Na wale wa minyoo, askaris zikifungana zikaziba utumbo, wakati mwingine unaziona kwenye gesi kama nyuzi nyuzi zilizosukana, inatisha kidogo ukiona mara ya kwanza. Usikimbilie kumpa dawa ya minyoo wakati bado kumeziba, mlaze, dripu, mpira wa puani, mwite wa upasuaji.

Sasa ile nusu nyota niliyoitaja mwanzoni. Utumbo unapobanwa damu ikakatika, eksirei mapema haioni chochote. Inachokiona ni matokeo ya baadaye: hewa ndani ya ukuta wa utumbo, hewa kwenye mishipa ya ini, au hewa imetoka nje kabisa kiasi kwamba kwenye picha ya kulala unaona ukuta wa utumbo pande zote mbili, ndani na nje, kitu alichokieleza daktari wa redioloji Mmarekani, Rigler, mwaka 1941. Ukisubiri hayo umechelewa. Lupu iliyofungwa kote kote, juu na chini, ndo mbaya kuliko zote na inaweza isionekane kwenye picha hata chembe. Kwahiyo maumivu yaliyokuwa ya kuja na kuondoka yakigeuka ya moja kwa moja, mapigo yakipanda, homa, ukimgusa anaruka, hiyo ndo ripoti yako, picha iwe inasema inachotaka kusema. Hapa sitaki ubishi na mtu.

Washindani wake sasa. CT ndo mfalme, inakuonyesha ni wapi pameziba, kwa sababu gani, na damu inafika au haifiki, na miongozo mingi ya nje inasema uende huko moja kwa moja uachane na eksirei. Sawa, kwao. Ukiwa na CT kwenye korido ya jirani na mtu wa kuisoma, nami nitakwambia ruka eksirei. Anayenishangaza mimi ni ultrasaundi. Ipo karibu kila mahali, haina mionzi, unaipeleka mpaka kitandani, na mtu aliyezoea anaona lupu zilizozidi sentimita 2.5 na vilivyomo ndani vinaenda mbele vinarudi nyuma badala ya kusonga, kwa mikono iliyozoea tafiti zinaiweka juu ya asilimia 90, yaani inaizidi eksirei. Tatizo ni hiyo "mikono iliyozoea". Wengi wetu ultrasaundi tumeifunga kwenye mimba na nyongo, tumbo likijaa gesi tunasema haionekani tunafunga mashine. Na kweli kwa utumbo mpana uliojaa hewa ultrasaundi inashindwa, pale eksirei inang'aa, kwahiyo hazigombani, zinasaidiana.

Kuna kitu cha kuongezea thamani kwenye eksirei ambacho wachache wanakitumia: dawa ya kunywa inayoonekana kwenye picha, ile inayoyeyuka kwenye maji, Gastrografin. Ni kwa yule wa makovu ya operesheni ya zamani tu, ambaye hana dalili za utumbo kuoza na tumbo limeshapunguzwa kwa mpira wa puani (usimpe kabla, ataitapika iingie kwenye mapafu, hiyo ni kesi nyingine). Unapitisha mililita 100 hivi kwa mpira, unaufunga, halafu unapiga picha baadaye, wengine masaa 8, mwisho 24. Dawa ikionekana imefika kwenye utumbo mpana, wengi wao wanafunguka bila kisu. Isipofika, acha kusubiri, ongea na wa upasuaji. Hapo eksirei ya elfu kadhaa inafanya maamuzi ya watu wazima. Shida ni kuipata hiyo dawa, wilayani mara nyingi hamna, na msibadilishe na bariamu (dawa nyingine ya picha, nzito isiyoyeyuka) kwa mgonjwa ambaye anaweza kupasuka au kupasuliwa, nawaomba.

Huduma kwa wateja, kama inaweza kuitwa hivyo. Sehemu nyingi tunapiga picha usiku hakuna wa kuisoma zaidi ya wewe mwenyewe na intan wako, mtaalamu wa redioloji yuko mkoani au hayupo, kwahiyo picha inaenda WhatsApp. Mi sipingi, imeokoa watu, ila namna tunavyozituma ni vituko. Filamu imeshikwa dirishani, nyuma unaona mti na bodaboda imepaki, flashi imewaka katikati ya tumbo. Weka kwenye boksi la taa, zima taa za chumba, zima flashi, simama usawa wa picha sio kwa chini, piga nzima kwanza halafu karibu vipande viwili vitatu, hakikisha alama ya kushoto na kulia inaonekana maana volvulasi ikigeuzwa inakuwa ugonjwa mwingine. Jina la mgonjwa lifunike. Na usitume picha tupu na alama ya kuuliza, daktari wa upasuaji wa mkoani saa nane usiku anataka kujua umri, siku ngapi, anatapika nini, aliwahi kupasuliwa, kinena umekiangalia, presha na mapigo. Mimi nikipata picha bila hayo najibu "mgonjwa yukoje?" na tunapoteza nusu saa.

Kwa ndugu wa wagonjwa mnaosoma hapa: mkiwa mmelipia, ulizeni mtapewa filamu au sidii. Mkipewa rufaa ondokeni nayo, msiiache kwenye droo ya wodini, kule mnakoenda daktari akilinganisha ya jana na ya leo anaona kama utumbo unazidi kupanuka au unapungua, na hiyo picha ya jana hata mkilipia upya haipatikani tena. Njiani msimpe uji, msimpe dawa ya kulainisha choo, mpira wa puani usitolewe hata akilalamika unamkera.